Alama Chini ya Kifuniko

Bei ilishafika milioni tisa. Pale mnadani Ngamiani, wanaume wawili walikuwa wakipandishiana bei ya saa ya dhahabu nusura washikane mashati. Mzee mmoja, mstaafu wa bandari, akaanza kunyanyua mkono awapiku.

"Haijafunguliwa tangu itoke kiwandani!" dalali alinadi, akamkabidhi Sabra, fundi saa. "Dada fundi, waambie tu kama inatembea."

Sabra hakuitegea sikio. Alichomeka ncha ya kisu, akabandua kifuniko cha nyuma. Ndani mlikuwa na samaki mdogo aliyekwaruzwa kwa sindano, alama yake anayoiacha katika kila saa anayoitengeneza, na tarehe ya Jumatatu iliyopita.

"Funga, dada," dalali alinong'ona. "Na wewe una fungu lako."

Sabra aliwageukia wale wawili. "Jumatatu mliniletea saa hii pamoja, mmepakizana pikipiki moja. Mashine iliyomo nimeitia mimi, ya elfu kumi na tano. Leo mnagombea nini?"

Mkono wa mzee ukashuka.

"Nimesema funga!"

Sabra akakitia kifuniko mkobani, akailaza saa mezani, tumbo wazi.

"Haya, nadi."