Maji ya Nyota

Shaweji alitoka mgodini akakuta foleni ya ndoo getini. Asubuhi ile, kwa amri yake mwenyewe, mafundi walikuwa wamelifungua tangi lililoko chini kabisa ili wazibe ufa, na wanawake wa mtaani walikuwa wakikinga maji yaliyotolewa, safi kuliko ya mvua.

Miaka kumi na tisa aliyalinda maji hayo gizani. Nyota ikilipuka, kinachotangulia kutufikia si mwanga wake bali nyutrino, chembe zinazopenya milima na mifupa kama vile hakuna kitu. Chache tu, zikipita kwenye maji mengi, huacha mmweko. Zote hupita kwa sekunde kumi, basi.

"Hongera, Injinia!" Bi Tatu, muuza maandazi, alionyesha angani. Jua likiwa bado linawaka, juu ya paa la shule palikuwa na nyota nyeupe ambayo jana haikuwapo. "Si ndiyo hii mliyokuwa mkiingojea?"

"Ndiyo hii."

"Mbona huna raha sasa?"

"Chembe zake zimepita asubuhi, Bi Tatu. Tangi lilikuwa tupu."

"Na nyingine?"

"Hata wajukuu zetu huenda wasiione."

Bi Tatu aliitazama ndoo yake iliyojaa, kisha ya mwenzake aliyemfuata.

"Sisi hatukujua," alisema. "Tungejua, tusingeyagusa."

Akajitwika, na wenzake wakamfuata, wakaingia getini mmoja mmoja kuelekea mgodini, wakitembea taratibu ili maji yasimwagike.