Njia ya Mianzi

Ilibaki njia moja tu, na Wasike aliisukumia baiskeli yake kwa hasira, matope yakimfika magotini.

Mbele yake Naftaly, fundi wa baiskeli wa soko la Jericho, alisukuma ya kwake polepole bila kugeuka nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Kambi ya wageni waliyolala, na mahema yake na moshi wake wa kuni, ilikwisha kumezwa huko chini.

Jana waliendesha njia ya miti ya mitarakwa, ile pana inayoizunguka kambi. Leo asubuhi walishuka kwa miguu njia ya maporomoko, wakapekua mpaka chini ya mawe. Hawakupata kitu. Ikabaki hii ya mianzi, nyembamba, njia ya nyati, ambayo wageni hukatazwa.

Wasike alikuwa akimtafuta baba yake. Mulama alitoka Kakamega, kule magharibi, mwaka wa Uhuru kuja kufyeka njia za kambi hii, mwanawe akiwa bado mgongoni mwa mama. Siku moja aliingia msituni na baiskeli, hakutoka. Sasa wazee wa ukoo walikuwa wamechoka kungoja. Jumamosi wangezika mgomba mahali pa mwili, ili kijana aonyeshwe pa kujenga, aoe. Lakini mgomba mtupu hawakuutaka. Walisema uzikwe na kitu cha mwenyewe, hata kama ni kifungo cha shati. Bila hicho hakuna kaburi, na bila kaburi hakuna nyumba wala harusi.

Ndipo alipoelekezwa kwa Naftaly. Huyo, aliambiwa, kila Agosti hufunga kibanda chake na kuja kuendesha baiskeli peke yake katika msitu huu. Majirani zake wa mtaa wa Mbotela, huko mjini, walimcheka sana kwa hilo. Watu wakipata likizo huenda kwao. Yeye huenda kusalimia miti. Warigia, muuza mitumba wa chumba cha pili, alisema bwana huyu ameoa ndovu huko juu, na kwamba ile kamba aliyoivaa shingoni, inayoishia ndani ya shati, ni hirizi ya kumlinda na mashemeji. Siku Wasike alipomfikia, Naftaly alimjibu Warigia kwa Kikuyu laini, kama aliyekinyonya ziwani mwa mama, akaendelea kujaza gurudumu upepo. Wasike akajua huyu ni mtu wa upande wa akina Warigia.

"Ulimjua baba?" Wasike alimwuliza siku ile.

"Tulifyeka njia pamoja," Naftaly alijibu. "Nilimjua. Si sana."

Walipofika penye gogo lililoanguka walipumzika. Wasike akamweleza habari za mgomba, kwa utaratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni mila asizozijua. Naftaly alisikiliza huku akichokoa matope kwenye mnyororo kwa kijiti. Aliuliza jambo moja tu: mgomba utazikwa upande gani wa nyumba.

Wa kulia, Wasike alisema, upande wa mwanamume. Naftaly akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchokoa.

"Na tukimkuta mzima?"

Wasike alicheka, kicheko kikavu. "Mzima? Mzee, mama yangu alikataa wanaume watatu. Mpaka leo kanisani wakimwita mjane, anawasahihisha. Ikiwa baba alikufa hapa, basi Mama alimngoja mume. Ikiwa ni mzima, alimngoja mtu aliyemtupa." Akatema mate. "Afadhali afe."

Kijiti kilivunjika mkononi mwa Naftaly. Juu yao mianzi ilikuwa ikidondosha maji, ikisuguana, ikilia kama milango ya nyumba iliyohamwa.

Kisha akainuka. Alimwambia kijana abaki na baiskeli; yeye atatangulia kuangalia kama kuna nyati.

Alikawia. Mwishowe aliita. Wasike alimkuta amepiga magoti penye kisiki kilichooza, mikono yake myeusi kwa udongo. Alikuwa akionyesha kwa kidole. Kati ya mizizi, ndani ya kuvu, palikuwa na ufunguo mdogo wa shaba.

Wasike aliufuta kwa shati lake. Kichwani mwake ulikuwa na simba aliyechongwa.

"Wa sanduku la baba, lile aliloliacha nyumbani," alisema. "Kufuli lake lina simba huyuhuyu. Mama hajakubali livunjwe. Husema mwenyewe atalifungua."

Akaketi matopeni na kulia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu. Naftaly alimwekea mkono kichwani, akauondoa upesi kama aliyeungua.

"Nenda kamzike baba yako," akasema.

Jumamosi, Warigia alirudi kutoka soko la Gikomba na mzigo wake kichwani, akamkuta Naftaly ameketi nje ya chumba chake kwenye kigoda. Alivaa koti jeusi ambalo jirani huyo hakuwahi kuliona, na kofia yake ilikuwa mapajani. Uso aliuelekeza magharibi. Redio ya mtu fulani ilikuwa ikisoma salamu, jina baada ya jina, na yeye alikuwa akisikiliza kama anayengoja lake.

Warigia aliutua mzigo, akamwuliza anamlilia nani na mavazi hayo.

"Mtu wa zamani," alisema. "Wanamzika saa hizi."

"Na wewe mbona hukwenda?"

Naftaly aliigeuza kofia mapajani. Warigia akamtazama vizuri. Kola ya shati ilikuwa wazi, na shingoni, mahali kamba ilipozoea kulala, palikuwa na mstari mweupe tu.

"Hirizi yako je, Fundi? Umeitupa wapi?"

"Haikuwa hirizi, Warigia," Naftaly alisema. "Ilikuwa ufunguo."