Kioo cha Dal-jin

Kofi la pili lilimpasua Dal-jin mdomo, damu ikamdondoka kwenye bakuli la wali. Aliyempiga alikuwa kaka yake mkubwa, Pyo Man-sik, kiongozi wa kikosi cha zimamoto pale bandarini Incheon, na alimpiga mbele ya wenzake wote bila haya.

Kisa kilikuwa sabuni. Kabla ya kila zamu Man-sik alipaka tone la sabuni ya vyombo ndani ya kioo cha barakoa yake ya kupumulia, akalifuta kwa kitambaa, na kioo hakikushika ukungu wa pumzi yake. Kikosini ni yeye peke yake aliyefanya hivyo. Vijana walimcheka, wakasema sabuni ile amwachie mama mkwe jikoni, na Dal-jin ndiye aliyecheka zaidi. Wiki iliyopita Dal-jin huyo huyo, kioo kikiwa kimejaa ukungu, alikanyaga hewa na kuning'inia juu ya shimo la moto mpaka kaka yake alipomvuta kwa ukosi wa koti.

"Mama alinikabidhi wewe," Man-sik alisema, mkono bado uko juu. "Nikurudishe kwake kwenye jeneza?"

"Nipige tu, kaka. Mimi si sahani, sipakwi sabuni."

Akapigwa tena. Akainuka, akaenda chooni kuosha damu, akajifungia huko muda mrefu. King'ora kilipolia alitoka na mikono iliyolowa, akapanda gari bila kumtazama kaka yake.

Ghala la samaki wa barafu lilikuwa linawaka. Dal-jin na mwenzake, Ok Se-hun, walitangulia ndani. Mtungi wa gesi ukalipuka, ukuta ukawaangukia, redio zao zikanyamaza. Man-sik hakungoja mtu. Aliingia na shoka, akavunja milango kama mwenye wazimu, moto ukimbabua shingo.

Aliwakuta wamelala ubavu kwa ubavu, hawana fahamu. Ving'ora vidogo vya vifuani mwao, vinavyolia mtu asipojongea, vilipiga kelele kiasi kwamba hakuweza kusikia kama kuna anayepumua. Dari ilikuwa imeanza kupasuka. Angeweza kumburuta mmoja tu, na hakukuwa na nafasi ya kurudi.

Akawamulika tochi usoni. Kioo cha Se-hun kilikuwa kimejaa ukungu, ukififia na kurudi, ukififia na kurudi. Cha Dal-jin kilikuwa safi kabisa. Nyuma yake aliona macho yaliyofumbwa na mdomo uliovimba kwa makofi ya asubuhi.

Man-sik alikwisha kuwatoa wenzake wengi motoni, na jambo hili alilijua vizuri: anayepumua kioo chake hushika ukungu, cha aliyekata roho hakishiki kitu. Hata hivyo alimkamata mdogo wake kifuani, akamtikisa, akampiga ngumi.

"Pumua, mshenzi wewe. Pumua nikuone."

Kioo kilibaki vilevile. Man-sik akalia kwa sauti ndani ya barakoa yake, akamshika Se-hun mkono, akaanza kumburuta. Walikuwa wamefika mlangoni dari ilipoanguka nyuma yao.

Se-hun alizindukia kwenye machela, na neno lake la kwanza lilikuwa jina la Dal-jin. Man-sik akapiga magoti kando yake. Akamweleza kwamba Dal-jin alikuwa ameshakufa alipowakuta, kwamba alimwona kwa macho yake, kwamba kioo chake hakikuwa na ukungu hata kidogo. Aliyasema hayo kwa sauti ya juu ili wenzake wote wasikie, wawe na la kumwambia mama atakapouliza.

Se-hun alimshika mkono wa koti.

"Alipaka, mkuu," alisema. "Alipaka sabuni kule chooni. Akanikataza nisikwambie, eti ungejidai mwezi mzima."