Dawa ya Ganzi

Umma ufahamishwe kwamba Profesa, bingwa wa mizaha wa bweni zima, hakuwahi kujutia mzaha wowote tangu azaliwe. Rekodi hiyo ilidumu hadi asubuhi moja ya likizo, sindano ya mchora tatuu ilipogusa mkono wa dada yake.

"Uwii!" Dada aliruka. "Si nimepaka dawa ya ganzi saa nzima?"

"Kuna ngozi sugu," mchoraji alisema. "Pumua taratibu, usiitazame sindano."

Profesa aliuma mdomo asicheke. Asubuhi ile alikuwa ameikomba dawa yote koponi na kujaza mafuta ya nywele.

Mchoro ulikuwa neno moja tu, "Mwanangu", lililonakiliwa kutoka barua ya mwisho ya marehemu mama yao, kwa mwandiko wake uleule wa kulalia kushoto.

Dada alimshika Profesa mkono, akaukamua kama nguo mbichi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Mdogo wake hakutamani tena kucheka.

Herufi ya tano ilipokwisha, Dada akauondoa mkono wake kwenye sindano. "Basi. Inatosha."

"Itabaki 'Mwana', dada yangu," mchoraji alisema.

"Ibaki." Alifuta machozi kwa bega. "Labda Mama mwenyewe hataki. Hakupenda watu wajichorechore."

Profesa aliingiza mkono mfukoni, akatoa kifuko cha plastiki chenye dawa nyeupe, nzito, iliyokwisha kupata joto la paja lake.

"Dada," alisema, "Mama hana neno. Ni mimi."