Nyegere na Zamu ya Kutoka

Wanyama walikuwa na ghala moja, na funguo, kwa ujinga wao, wakampa Nyegere, kichwa kigumu kama kinu. Sheria yake ilikuwa hii: kilichotangulia kuingia ndicho kitakachotangulia kutoka.

Bi Kuchakuro akafuata gunia lake la karanga, wanawe hawajala tangu juzi. Gunia lenyewe lilikuwa pale pale mlangoni.

"Halitoki," akasema Nyegere. "Kwanza litoke la Ngiri, kule nyuma."

"Ngiri si alishakufa, baba?"

"Basi tumsubiri."

Bi Kuchakuro akashika kiuno. "Haya, mzee wangu. Na kabla ya gunia la Ngiri, humu aliingia nani?"

Nyegere akatunisha kifua. "Mimi! Naishi humu tangu haijaingia hata punje."

"Na bado hujatoka?"

Nyegere akahesabu kwa kucha, jasho likamtoka, akatoka mbio. Bi Kuchakuro akaanza kuviringisha gunia lake. Nyegere alitaka kurudi ndani kumzuia, akakumbuka kwamba akiingia sasa atakuwa wa mwisho, na kutoka kwake kutamsubiri Ngiri.

Akaishia porini, hadi leo. Ghala halijawahi kwenda vizuri vile.