Daraja Lisilofika Ng'ambo

Jumatano, tarehe 13 Machi 1974, Yunis alikata roho huku akitazama meli za Amerika. Ilikuwa saa sita kasoro robo mchana. Mumewe, Nikodemo, alikuwa amesimama mlangoni, akingoja gari ambalo halikuja.

Meli zenyewe zilikuwa za karatasi. Muuguzi wa Kimarekani pale hospitali ya Bumbuli ndiye aliyempa Yunis kalenda iliyokwisha mwaka wake, kurasa kumi na mbili za picha za kale: milingoti, mapipa yaliyorundikwa, wanawake wenye aproni wakipasua samaki. Mke na mume, hakuna kati yao aliyewahi kuiona bahari. Yunis alipozidiwa, tumbo limejaa na miguu imekataa, aliomba picha hizo zibandikwe ukutani, kando ya kitanda.

Nikodemo alizibandika kwa uji wa mahindi, moja moja, kila alipopata nafasi. Ukuta wa udongo ulikuwa na nyufa, kwa hiyo kila picha aliitia karatasi nyuma ipate unene. Karatasi hazikuwa shida. Kila wiki tarishi wa katibu kata alileta moja yenye muhuri wa zambarau: shuka shamba la ujamaa, njoo uchimbe barabara, njoo mkutanoni. Kusoma hakujua, lakini muhuri aliujua.

Ijumaa kabla ya msiba alikwenda kwa huyo katibu kata, Nathanaeli, kijana wa kalamu mbili mfukoni, kuomba gari la kumpeleka mkewe Bumbuli.

"Nitaliulizia, mzee," Nathanaeli alisema.

Basi. Nikodemo akapanda mlima kurudi nyumbani na neno hilo moja.

Jumanne alibandika picha ya mwisho. Watu wenye kofia walikuwa wamejipanga juu ya mbao ndefu zilizoingia majini zikakomea hapo. Yunis akaipenda kuliko zote.

"Baba Esta, hili daraja mbona halifiki ng'ambo?"

"Wameliacha katikati. Unadhani wakubwa wa Amerika hawafanani na wetu?"

Yunis alicheka mpaka akakohoa. "Na hawa watu je? Wanangoja nini?"

"Wameambiwa wangoje."

Asubuhi yake honi ililia bondeni, kule njia panda. Ikanyamaza, ikalia tena, na tena.

"Ya nani hiyo?" Yunis aliuliza.

"Ya wakubwa. Wanatuswaga twende shambani kwao."

"Labda ni meli yangu," Yunis alisema, akageukia ukuta.

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Mazishini Nathanaeli alikuja amevua kofia. "Shikamoo, mzee Nikodemo. Pole sana. Ile Jumatano..." Nikodemo hakuiitikia shikamoo yake. Alinyoosha fimbo kuelekea njia, na kijana akaishika njia. Tangu hapo, akimwona kwa mbali, Nikodemo alikata kona.

Kisha akaingia kisomo cha watu wazima. Watu walisema upweke umemchanganya, mtu wa umri ule kubanana benchi moja na wakwe zake.

"Unataka kusoma nini, mzee?" mwalimu Klara alimuuliza.

"Mashtaka yangu. Sitaki mtu anisomee, akapunguza."

Miezi kumi na minne alisukuma kalamu kama jembe.

Siku yake ikafika. Mkubwa mmoja alipanda kutoka wilayani kusikiliza malalamiko ya wananchi, na ilijulikana kwamba kosa likithibitika, Nathanaeli atavuliwa ukatibu palepale. Asubuhi hiyo Nikodemo aliibandua picha ya daraja kwa kisu, uso wa picha ukiwa juu, akaiviringisha kama mkeka na kuteremka.

Alipoitwa, alisoma kwanza karatasi aliyoiandika mwenyewe: "Mke wangu amekufa kwa kukosa gari. Katibu alijua. Katibu hakufanya kitu."

Mkutano ukaguna. Nathanaeli akainua mkono.

"Shusha mkono," mkubwa akamkata. "Mzee amalize."

"Mpe, Mghoshi! Mpe zake!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, akimwita mzee kwa lugha ya kwao.

Nikodemo akaikunjua picha, akaiinua kwa mikono miwili, watu wote waione.

"Hili ndilo daraja la Nathanaeli! Limeanzwa, limeachwa katikati! Na sisi juu yake tumeambiwa tungoje!"

Vicheko na makofi vikaupasua mkutano. Yeye, upande wake, akaona muhuri wa zambarau.

Karatasi aliyoitia nyuma ilikuwa imebanduka pamoja na picha, maandishi yakimtazama. Midomo ikaanza yenyewe, silabi kwa silabi, kama kisomoni. Kusoma kimyakimya alikuwa hajafundishwa, hivyo mkutano mzima ukamsikia:

"Ndu-gu Ni-ko-de-mo. Gari ni-me-li-pa-ta. Barabara ya huko juu imekatika, hivyo litasimama njia panda Jumatano tarehe 13, saa mbili mpaka saa tano. Dereva atapiga honi. Je, mnao watu wa kumteremsha mama, au niwatume wa machela?"