Kijani cha Mwanaidi

Siku hizi kila muuzaji huvaa pete inayong'aa kijani pale mtu aliye mbele yake anaporidhika. Ikigeuka nyekundu, hata nyumbani, duka lake halifunguliwi kesho yake. Tangu pete hizo zianze kuvaliwa, vitenge vya Mwanaidi vinanunuliwa kama maandazi ya moto.

Jioni binti yake Rukia alirudi kutoka shule akilia. Alipofika mlangoni akajifuta uso, akatabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakuchokoza?"

"Hakuna. Nimeridhika na huduma, mama."

Mwanaidi akamkumbatia. "Lia, mwanangu. Duka likifungwa na lifungwe!"

Rukia akajaribu. Akakunja uso, lakini machozi yakakataa. Kidoleni mwa mama yake pete ilizidi kung'aa kijani, na pete hizo hazidanganyi.